Mzigo Usio na Alama

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimekaa Kariakoo miaka thelathini na mitano. Nimeona mtu akinunua simu kwenye boksi lake, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni kilichofungwa vizuri kuliko simu yenyewe. Nimeona duka likifunguliwa asubuhi, likauza mpaka adhuhuri, jioni mwenye duka akaja kuuliza nani kavunja kufuli lake. Nimeona mtu akilia msibani kuliko wafiwa, kisha akaondoka na viatu vya shehe. Kwa hiyo mtu akiniambia "bosi, leo nina jambo litakushangaza," huwa namwambia akae kwanza, anywe maji, asije akachoka bure.

Nilikuja mjini juu ya magunia ya korosho kutoka ndani ndani huko Lindi, nina miaka kumi na saba na darasa la tatu la kuungaunga. Hakuna aliyenishika mkono. Waliotaka kunishika mkono walikuwa wanatafuta saa. Nilianza kwa kubeba: marobota ya mitumba, katoni za sabuni, makochi, hadi jeneza nimebeba, tena peke yangu, kupanda ngazi. Leo nina ofisi ya mizigo ya Kusini pembeni ya Kariakoo, unapoelekea Mchafukoge, nina malori mawili na nyumba Mbagala isiyodaiwa na mtu. Waliosoma wananipigia simu kuniuliza mizigo yao imefika wapi. Nawajibu nikijisikia.

Mtu wa nje haelewi kitu kimoja kuhusu kazi yetu. Kwa mbeba mizigo, jina la mteja si herufi. Ni alama. Mama wa Masasi anayechukua vitenge, alama yake duara jekundu lenye msalaba ndani. Muuza viatu wa Mchikichini, mistari mitatu ya kijani. Yupo mzee wa Newala alama yake kiganja chake mwenyewe, anakichovya kwenye rangi na kukipiga kwenye gunia, paa. Robota likifika stoo na alama yake, hata likipotea wiki mbili litarudi, maana kila kuli anamjua mwenyewe. Alama ikifutika, robota hilo limekuwa yatima. Atalichukua wa kwanza kuliita "langu." Ndiyo maana kwetu tunasema mzigo usio na alama ni mzigo wa kila mtu. Kichwani mwangu nilikuwa na alama zaidi ya mia nne, na sijawahi kukosea hata moja.

Nilizishika hivyo kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Nilikuwa sijui kusoma.

Haya, nimelisema. Tarakimu hazijawahi kunisumbua. Fedha nahesabu huku naongea na watu wawili. Saini nilikuwa nayo, tena nzuri kuliko ya mkurugenzi wa benki, kwa sababu sikuiandika, niliichora. Lakini ukiniletea barua, ilikuwa kama umeniletea kanga ya maua. Mke wangu ndiye aliyekaa mezani akaandika risiti na kusoma kila karatasi, na siri ilikuwa yetu wawili. Yeye asipokuwepo, nilikuwa natoa miwani mfukoni na kumwonyesha mteja: samahani ndugu yangu, imevunjika, hebu nisomee. Miwani ile niliinunua Mchikichini ikiwa imevunjika tayari. Aliyeniuzia mpaka leo hajui nilikuwa naitaka ya nini.

Mama mkwe alipofariki, mke wangu alikwenda kwao akakaa hadi arobaini. Siku arobaini nilitoa miwani ile mpaka wateja wakaanza kunishauri nikanunue nyingine. Kuna mmoja aliniletea kabisa, zawadi. Nikaivaa, ikabidi niseme haiendani na macho yangu. Siku hiyo niliona aibu mbele ya nafsi yangu, na mimi si mtu wa aibu.

Wakati huo nilikuwa nanunua nyimbo kwenye simu. Kuna kampuni moja, sitaitaja isije ikajiona mashuhuri, ina programu yake: unabonyeza picha ya wimbo, unalipa shilingi mia tano kwa simu, wimbo ni wako. Mimi napenda dansi la zamani, magitaa matatu yanayojibizana na tarumbeta mwishoni. Wenzangu walikuwa wanajaziwa nyimbo za wizi kwenye flashi pale barabarani, nyimbo mia mbili kwa buku, yaani shilingi elfu moja. Mimi nilikataa. Nilibeba mizigo ya watu miaka kumi na nane, najua mtu anavyojisikia jasho lake likichukuliwa. Kila wimbo nililipa. Ujumbe wa malipo ninao wote mpaka leo.

Kwenye programu hiyohiyo kulikuwa na picha ya ubao mweusi wenye herufi moja. Nikaibonyeza kwa udadisi. Ikatoka sauti ya mama mtu mzima, haina haraka, anasema haya ni masomo arobaini ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, na kwamba hakuna anayekuona hapa. Alisema hivyo, kwa maneno yake: hakuna anayekuona. Nikanunua yote.

Ikawa kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, niko kwenye benchi Mnazi Mmoja, waya masikioni, daftari dogo juu ya goti. Wapita njia walidhani nasikiliza habari za mpira. Mwalimu ananiambia: chora fimbo, chini yake mbele weka tumbo la mjamzito, hiyo ni b. Hamishia tumbo nyuma ya fimbo, hiyo ni d. Wiki ya pili nikasimama na kucheka peke yangu. Kumbe herufi ni alama tu! Alama ishirini na nne. Mtu mwenye alama mia nne kichwani alikuwa anaogopeshwa na alama ishirini na nne miaka yote hiyo.

Mke wangu aliporudi sikumwambia. Nilitaka siku moja nichukue karatasi mbele yake, niisome, nione uso wake. Nilikuwa nimefika somo la kumi na moja.

Hapo ndipo kampuni ilipoleta ujumbe. Mke wangu alinisomea pale ofisini, mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani kasoma vibaya. Kuanzia mwezi ujao hakuna tena kununua wimbo. Ni kulipa kila mwezi. Waliokwisha kununua, nyimbo zao zitafungwa mpaka wajihakiki: namba ya kitambulisho cha taifa, picha ya uso, na ruhusa ya programu kuona mahali ulipo na majina yote yaliyomo kwenye simu yako.

Niliwapigia. Akapokea binti mwenye adabu sana, akaniamkia shikamoo. Nikamuuliza kulikoni nifungiwe kitu nilichonunua.

"Baba, hukununua wimbo," akasema. "Ulinunua ruhusa ya kuusikiliza."

Nikamwambia mwanangu, sikiliza. Nikienda dukani nikamnunulia mke wangu kanga, mwenye duka hanifuati nyumbani mwaka unaofuata kuuliza kanga iko wapi, nani kaivaa, na niorodheshe majirani zangu wote ndipo aifunue tena. Akacheka kidogo, kisha akataka kunifariji.

"Na ulikuwa unaendelea vizuri, baba. Naona hapa uko somo la kumi na moja. Usiishie njiani, jamani, hongera."

Nimesema hakuna kinachonishangaza, na silifuti neno langu. Lakini simu niliibana sikioni isisikike nje. Mke wangu alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, anaandika risiti. Nikatoka nje, nikamuuliza binti anaona nini kingine. Akanitajia bila ubaya wowote, kama anayesoma bei za nyanya: kila siku saa kumi na mbili na nusu, eneo la Mnazi Mmoja, mnara wa simu unawaonyesha hata kabla ya ruhusa, somo la saba nimerudia mara tisa. Na nikishaipa programu majina ya simu yangu, akasema, nikimaliza kila somo marafiki wote watapata ujumbe wa kunipongeza. Watu wanapenda sana, alisema.

Marafiki wote. Wateja mia nne na ushei, makuli, madereva, wakwe.

Kumbe mwalimu aliyesema hakuna anayekuona alikuwa amekaa kwenye chumba chenye madirisha pande zote. Nikamwambia binti asante, na kwamba majina ya watu wangu hayapati, na uso wangu hauchukui, na nilichokilipia nitakichukua mwenyewe.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, mwanamke wa makamo, yuko ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani Mchafukoge, chumba kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Kavaa ushungi, miwani yake nzima. Kabla ya chochote aliniuliza kama nyimbo ni za kununua au za kuokota. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akasema imetosha. Akanieleza kwamba za wizi hashiki, lakini mtu aliyelipa na kufungiwa nje ya chumba chake mwenyewe, huyo anamfungulia mlango. Nilimpenda hapohapo.

Akafanya kazi yake, mimi nimekaa kwenye kigoda. Baada ya saa moja akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Mzee wangu, kufuli limetoka. Ila kila faili lina hiki hapa ndani yake. Soma, uniambie nikiache au nikifute."

Maneno yalikuwa madogo, yamebanana. Somo la kumi na moja lilikuwa halijafika huko. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, nikatoa miwani iliyovunjika. Akaitazama, akanitazama, akasoma yeye: jina langu la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu niliyolipia. Kampuni iliviweka humo, akasema, ili wimbo ukipotea ujulikane ulitoka kwa nani.

Jamani, mtu mwingine yeyote angeshtuka. Mimi nilifurahi. Nilijiona kama mzee wa Newala na kiganja chake.

"Usiguse," nikamwambia. "Mzigo usio na alama ni mzigo wa kila mtu."

"Una uhakika? Hii si alama ya gunia, mzee wangu."

Nikamwambia fundi, alama nimezianza wewe hujazaliwa, jambo ambalo halikuwa kweli, tulilingana. Akanyanyua mabega. Akaniuliza tena, akiniteremshia orodha ndefu pale kwenye kioo, kama kuna ambavyo sivitaki. Nikaitazama orodha, nikatikisa kichwa mahali palipoonekana panafaa kutikisa. Masomo yalikuwa humo, kati ya nyimbo, nayo ndiyo niliyoyataka kuliko vyote. Kumwambia ayatenge ningemwambia nina masomo. Nikasema weka vyote pamoja. Akanipa vyote kwenye flashi moja nyekundu.

Nilirudi ofisini natembea kama niliyeshinda kesi. Jioni ile nikachomeka flashi kwenye redio, magitaa matatu yakaanza kujibizana, na juu ya kioo cha redio maandishi yakapita polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Nikayasoma. Jina langu. Ni neno la kwanza nililosoma likiwa linakimbia, na lilikuwa mimi.

Masomo niliendelea nayo kwenye redio ndogo ya mfukoni, somo la kumi na mbili, la kumi na tatu, benchi lilelile, bila binti yeyote kuhesabu narudia mara ngapi. Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa ya ushindi mtupu. Lakini mimi mdomo wangu unatangulia.

Jirani alikuwa anaoza binti, na mimi nilikuwa kwenye kamati. Watu wakaahidi: huyu mchele, huyu ukumbi. Nikasimama nikasema muziki ni juu yangu, nyimbo nilizonazo hakuna dijei Bongo nzima anazo zikiwa safi namna ile. Dijei akaja kuchukua flashi. Nikampa. Ningeweza kumwambia acha zile za katikati, ila ningemwambiaje ni zipi?

Harusi ilifana. Dijei akanakili flashi yote, dijei ndiyo kazi yake. Akampa mwenzake, mwenzake akampa anayejaza nyimbo watu pale barabarani. Ndani ya miezi miwili nyimbo zangu zilikuwa kwenye bajaji, saluni, mabucha, mabasi ya mikoani. Na kila zilipopigwa, kwenye kioo cha redio lilipita jina langu na namba yangu.

Simu zikaanza. Wa kwanza aliuliza kama mimi ndiye mwenye zile nyimbo. Nikamjibu ndiyo, kwa madaha. Wa pili akauliza kama napiga gitaa. Mwanamke mmoja wa Morogoro akanipigia kila Ijumaa kuchagua wimbo, nikamwambia mimi si kituo cha redio, akasema basi hata salamu tu. Wengine walinipa kazi, na hilo sifichi: mtu kaona jina kwenye bajaji, kapiga, tukaongea, kesho kaleta mzigo wa Nachingwea. Nikajisifu kwa mke wangu kwamba wengine wanalipia matangazo, mimi nimewekwa kwenye redio za mji mzima bure. Yeye akasema tu kwamba kitu kikiwa kwa kila mtu hujui kitarudi na nini.

Kilirudi asubuhi moja, saa nne, lori likiwa linapakiwa.

Mbele ya ofisi yangu, ng'ambo ya barabara, kuna duka la spika. Mwenye duka ni mtani wangu, mwenyeji wa mji huu tangu babu yake. Mimi humwita mlinzi wa makelele, yeye huniita Bosi wa Magunia. Siku hiyo alikuwa na spika mpya, ndefu kama mtoto wa darasa la nne, na mteja anataka kuisikia. Akachomeka flashi aliyoinunua barabarani, akaipandisha sauti mpaka mwisho, akabonyeza popote.

Haukutoka wimbo. Ilitoka ile sauti ya mama mtu mzima, isiyo na haraka, ikafunika barabara nzima. "Karibu mwanafunzi wangu. Leo ni somo la tatu. Sema pamoja nami: ba, be, bi, bo, bu."

Watu wakaanza kucheka. Mtani wangu akainama kuangalia spika yake ina kioo kimeandika nini. Akakisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akainuka, akakisoma kwa sauti, jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, taratibu kama anayeita majina ya mahujaji.

"Kumbe Bosi wa Magunia bado yuko ba be bi bo bu," akasema. "Jamani mpisheni, atachelewa namba shuleni."

Makuli wangu walicheka mpaka robota likawaanguka. Ningekuwa wao ningecheka pia, ndiyo mji wetu, hauchukii. Ningeweza kusema jina si langu, au nimemnunulia mpwa. Uongo wa miaka thelathini ulikuwa mdomoni tayari, umevaa viatu. Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama mama wa Masasi, mwenye duara jekundu. Marobota yake kumi na nne yalikuwa yanapanda lori. Ameniamini na mali yake tangu nina lori moja la kukodi. Yeye hakucheka. Aliangalia risiti iliyokuwa mkononi mwake, chini, pale penye saini yangu nzuri.

"Kaka," akasema, si kwa sauti kubwa, "hizi zote ulikuwa unasaini bila kuzisoma?"

Hilo ndilo lililoniingia. Mtani anacheka, kesho tunakunywa kahawa. Lakini huyu akiondoka, anaondoka na Masasi nzima, na jina langu linabaki yatima stoo. Nikamjibu ndiyo. Nikamwambia kwamba mke wangu ndiye aliyesoma, mimi nilisaini, na marobota yake hayajawahi kupotea hata uzi mmoja. Na kwamba hayo ni ya zamani. Sasa nasoma.

Mtani wangu alisikia. Mtu yule ana masikio, pamoja na makelele yote. Akavuka barabara na boksi tupu la ile spika kichwani na makapeni, ile kalamu ya wino mnene, mkononi, kundi la watu nyuma yake. Akaweka boksi chini mbele yangu, akaandika mstari mmoja mrefu, wa maneno matupu, tarakimu hakuna hata moja. Alijua tarakimu hazinishindi.

"Hii ni bei ya spika, mtani. Ukishindwa kuisoma, spika chukua bure, ukajifunzie vizuri. Ukiisoma, unainunua kwa bei hiyohiyo uliyoisoma."

Kariakoo ikaelewa mtego papo hapo. Wakaanza kunishauri, kila mtu na sauti yake. Shindwa, mzee. Sema hujui, beba spika. Kuli wangu mmoja akanivuta shati: bosi, spika ile haizidi laki mbili na sitini ukibishana, usijifanye msomi leo. Na kweli. Maisha yangu yote sijawahi kulipa bei ya kwanza. Kushindwa kulikuwa na faida. Kusoma kulikuwa na hasara iliyo wazi mbele ya macho yangu, imeandikwa kwa wino mweusi.

Mke wangu akasimama mezani, akaanza kuja. Miaka ishirini na miwili amekuja hivyo, kila karatasi ilipotokea. Nikamwinulia kiganja. Akasimama.

Nilichuchumaa mbele ya boksi. Mwandiko wa yule bwana ni mbaya, herufi zinalaliana kama abiria. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Fimbo na tumbo, tumbo na fimbo. Neno la kwanza lilitoka vipandevipande, mtu nyuma akaliunganisha kwa kicheko. La pili likatoka zima. La nne nililikosea, nikarudi, nikalikosea tena, na yule mama kwenye spika alikuwa amefika mwisho wa somo. Nikafumba macho, nikaisikia sauti yake ikiniambia usiogope th, ni herufi mbili zilizooana. Nikafumbua, nikalisoma. Nikaenda mpaka mwisho. Kisha nikaanza upya tangu mwanzo, bila kukata, kwa sauti ya kupakia lori, ili anayeuza juisi kona ya pili naye asikie.

Mtani wangu alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na alipiga kwa moyo, sitamnyima. Akataka kunipunguzia. Nikakataa. Akasema basi toa laki tatu kamili, nilikuwa natania. Nikamwambia umeandika, nimesoma, nalipa nilichosoma.

Mama wa Masasi alitazama boksi, akanitazama. Akanyoosha risiti yake, akanitaka nimsomee marobota ni mangapi na yanakwenda kwa nani. Nilimsomea. Ilichukua muda, naye hakunisaidia hata neno. Kisha akaikunja, akaiweka kifuani, akawaambia makuli wamalizie kupakia.

Mke wangu alirudi mezani kwake. Baadaye tulipobaki wawili aliniuliza nilianza lini. Nikamwambia arobaini ya mama. Akaingiza mkono mfukoni mwangu mwenyewe, akatoa ile miwani, akaitupa kwenye pipa la taka. Uso wake niliuona, na ulikuwa vile nilivyoutaka.

Fundi alisikia habari, akanipigia kusema yuko tayari kufuta alama kwenye faili zilizobaki kwangu, na namba nibadilishe. Nikamwambia zilizotoka zimetoka, na namba sibadilishi. Kuna watu wananipigia sasa, si wengi, sauti zao za chini. Wanaume wazima, mmoja dereva wa lori, mmoja nadhani ni mjumbe wa mtaa. Wameona jina kwenye redio, wanaulizia somo la nne linapatikana wapi. Siwaulizi wao ni nani wala wako wapi. Nawaambia njooni na flashi. Na kampuni ikitaka kujua nani kayatoa masomo yale, isipate taabu, imeshaandika jina langu humo. Nilinunua. Ni yangu. Nimeyaweka pale ninapotaka yasikike, kwenye spika ndefu nje ya ofisi, kila asubuhi kabla lori halijapakiwa, na makuli wangu wanaitikia.

Ile siku, baada ya kuhesabu fedha, nilimdai mtani risiti. Alikuwa anafuta machozi ya kucheka, akanisukumia kitabu na kalamu, akasema andika mwenyewe, si umesoma. Ni risiti ya kwanza niliyoandika kwa mkono wangu. Iko ukutani, juu ya meza ya mke wangu, herufi zimepanda na kushuka kama barabara ya Kilwa wakati wa masika, na inasema: spika moja, imelipwa yote, shilingi laki tatu themanini na saba elfu mia nne na hamsini.